Juu Hakuna Mlango: Kisa cha Mzamiaji wa Vizimba Anayetaka Kuingia Pangoni

Mwenye kisa hiki ni kijana wa Kisumu anayekula jasho la vizimba vya samaki. Asubuhi hushuka kukagua nyavu za ngege upande wa Ogal, hushona palipotoboka na kukaza kamba za nanga. Mara mojamoja wasimamizi wa ufuo humwita amtafute mtu aliyezama. Maji ya Ghuba ya Winam, Ziwa Viktoria, anayafahamu kwa kupapasa, maana humo ukinyoosha mkono huvioni vidole vyako. Kuzamia alijifunzia Diani. Baadaye akanunua ribritha iliyotumika, yaani mashine ya kuzamia inayoisafisha pumzi na kuirudisha mapafuni, kutoka kwa mgeni aliyekuwa akirudi kwao, akaenda Dahab, Misri, akapata cheti cha kwanza cha kuitumia kwenye maji ya wazi.

Sasa anataka kwenda Tulum, Meksiko, akasomee kuzamia mapangoni na mashine hiyo hiyo, moja kwa moja, bila kupitia kozi ya pango ya mitungi ya kawaida. Kabla ya kulipa aliniletea rekodi za kompyuta yake ya kuzamia nizisome nimwambie kama yuko tayari. Ameniruhusu kukiandika kisa chake bila jina.

Nyingi ya rekodi hizo hazina la kusemwa. Moja inalo, nayo ndiyo yeye aliyoileta kama ushahidi kwamba yuko tayari.

Siku hiyo alikuwa akifanya zoezi alilojipangia mwenyewe. Alifunga kamba ya mwongozo kutoka nanga moja ya kizimba hadi nyingine, akaiziba barakoa yake kwa karatasi ya alumini asione hata mwanga wa taa, akaifuata kamba kwa vidole akiwa na ribritha mgongoni. Mwenzake alikuwa nyuma yake na mtungi wa kawaida. Kina kilikuwa mita 9. Katikati ya safari kamba ilikuwa imenaswa na wavu mkuukuu uliotelekezwa, akaanza kuunasua. Mwenzake anasema alivuta, akakata, akavuta tena, kwa nguvu kama ya mtu aliye juu ya mashua. Yeye mwenyewe anasema pumzi ilianza kumwia nzito, akadhani ni uchovu, akaendelea. Kisha ikamshika hofu asiyojua imetoka wapi. Akabonyeza kitufe cha kujaza hewa jaketi la kuelea, akapaa hadi juu, akatema mdomo wa mashine na kuvuta hewa ya ziwa. Kichwa kilimuuma hadi jioni. Mwenzake anaongeza jambo ambalo mwenye kisa halikumbuki: kwamba alipofika juu aliulizwa swali lile lile mara mbili, akajibu mambo mawili tofauti.

“Lakini Mwalimu, si nilitoka salama?” aliniuliza. “Na skrini haikuonyesha kosa lolote.”

Yote mawili ni kweli, na hayo mawili ndiyo yaliyonifanya nisimpe jibu alilolitaka.

Tuanze na skrini. Anayezamia kwa mtungi wa kawaida hupulizia pumzi majini, mapovu yakapanda, gesi ikapotea. Ribritha ya mzunguko funge haiachi kitu kipotee. Pumzi hutoka kinywani, ikapita bombani hadi kwenye kopo lililojaa punje za chokaa ya soda zinazofyonza kaboni dioksidi. Seli 3 hupima oksijeni iliyobaki, vali ndogo ya umeme ikaongeza kiasi ambacho mwili umekitumia, na pumzi ile ile ikarudi mapafuni. Mwili unaoogelea polepole hutumia takriban lita 1 ya oksijeni kwa dakika, uwe mita 5 au mita 50, hivyo mtungi mdogo wa lita 2 uliojazwa hadi bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo) una lita 400, za kutosha saa 6 na zaidi. Chokaa huchoka kabla ya oksijeni kwisha. Wazamiaji wa mapangoni huipenda mashine hii kwa muda huo mrefu, na pia kwa sababu haitoi mapovu ya kugonga dari na kuangusha vumbi la mawe machoni pa anayerudi.

Skrini, hata hivyo, inapima oksijeni peke yake. Nilipoifungua rekodi ya siku ile niliona mstari wa shinikizo la oksijeni, linalohesabiwa kwa bar, umetulia kwenye 1.0 tangu mwanzo hadi alipopaa. Hakuna kengele, hakuna taa nyekundu. Mashine yake haina kipimo cha kaboni dioksidi, na mashine nyingi hazina. Kilichomwangusha hakikuwa na mahali pa kujiandika.

Nilimwomba alilete kopo la chokaa jinsi lilivyokuwa. Kwa bahati alikuwa hajalimwaga. Nilipolifungua, chokaa ilikuwa imeshuka upande mmoja, ikaacha nafasi ya upana wa kidole kati ya punje na ukuta wa kopo. Alikuwa amelijaza nyumbani Nyalenda usiku, kesho yake akalibeba kwenye bodaboda hadi ufuoni. Anayeijua barabara hiyo haulizi zaidi. Mtikisiko huzishusha punje, na zikishuka hewa hujitafutia njia rahisi, ikapita penye uwazi bila kuguswa na chokaa. Ukiwa umetulia, kaboni dioksidi unayoitoa ni kidogo, na chokaa iliyosalia huweza kuikamata. Ndiyo maana zile dakika 5 za kuvuta pumzi ukiwa umekaa kabla ya kuzama, alizozifanya kama alivyofundishwa, hazikumwonyesha kitu. Ulipokuja ule wavu mwili ukatoa kaboni dioksidi kwa wingi, na sehemu yake ikarudi mapafuni bila kuchujwa.

Gesi hiyo inastahili kuheshimiwa kuliko wanafunzi wengi wa ribritha wanavyoiheshimu. Oksijeni ikishuka chini ya 0.16 unaweza kuzimia bila onyo, ikipita 1.6 unaweza kupata degedege. Haya wanayakariri, kwa sababu skrini inayaonyesha. Kaboni dioksidi hukujia kwa kujificha ndani ya uchovu na woga. Unapumua haraka, kupumua haraka kunakuongezea kazi, kazi inatoa gesi zaidi, na ile akili ambayo ingepaswa kuamua “hama mashine sasa” ndiyo inayolewa kwanza. Kuna ubaya mwingine ambao asiyeupata haamini: kiu ya pumzi inaweza kuwa kali kiasi kwamba huthubutu kuutoa mdomo wa mashine kwa sekunde 2 ili uweke wa mtungi wa kujiokoa, ule wa akiba usiotegemea mashine. Kwa hiyo wengi wa mapangoni huweka vali ya kugeuzia palepale mdomoni: unazungusha kitasa kimoja, unahama kutoka mashine hadi mtungini bila kutema chochote. Mashine ya kijana wetu haina vali hiyo. Mwenye kuiuza aliiondoa akabaki nayo.

Kifo cha David Shaw kinaonyesha gesi hii hufanya nini kwa mtu aliyebobea. Shaw alikuwa rubani wa ndege kutoka Australia. Oktoba 2004 alifika mita 270 kwenye shimo la maji la Boesmansgat, Afrika Kusini, akauona mwili wa Deon Dreyer, kijana aliyefia humo Desemba 1994. Januari 8, 2005 alirudi kuutoa. Alitarajia mwili uliolala chini. Alipoanza kuutia kwenye mfuko wa maiti ukaelea, kamba na waya wa taa zikatatizana, akashindana nazo kwa nguvu huku akivuta gesi nzito mno ya kina kile. Kamera ya kofia yake ilirekodi kupumua kwake kukiharakika hadi kukakoma. Sikumtajia kijana kisa hiki ili kumtisha. Niliona kinafanana na cha wavu wa Ogal kuliko alivyotaka kukubali: mtu anayejua kazi yake, kitu kilichonasa, na mkono unaoendelea kuvuta wakati kazi ilishakuwa ni kupumua.

Nadhani Shaw angeweza kunielewa. Kijana hakunielewa, kwa sababu ya lile swali lake la kwanza. Alitoka salama.

Alitoka kwa kwenda juu. Miaka yote ya vizimbani imemfundisha giza, nami sitalidharau hilo. Watalii wengi wanaofika Tulum wakiwa na ribritha za bei ya gari hawajawahi kukaa dakika moja bila kuona, na taa zikizimwa kwenye zoezi wanahangaika. Yeye atalifanya zoezi hilo huku akifikiria chakula cha mchana. Mikono yake inajua fundo, inajua kamba iliyolegea na iliyokazwa. Lakini giza la ziwa lina uwazi juu yake. Kila kitu kilipoharibika huko Winam, wavu, kiboko aliyekaribia, mtungi uliokwisha, mwili wake ulijibu kwa namna moja, na jibu hilo halikuwahi kumdanganya. Siku ya kaboni dioksidi lilikuja tena, likiwa halijapitia kichwani. Hakuufikia mtungi wa kujiokoa uliokuwa ubavuni mwake. Rekodi inaonyesha shinikizo la mtungi huo halikushuka hata kidogo.

Katika mapango ya Yucatán, rasi iliko Tulum, juu ni mwamba. Maji ni meupe, mara nyingi mita 10 hadi 20 tu, kina ambacho mzamiaji wa Winam atakiona si kitu. Ndani yake njia huenda mbali: mfumo wa Sac Actun, karibu na Tulum, umepimwa kwa mamia ya kilomita. Anayepaa pale atagonga dari, na tope laini litaamka. Sheck Exley, Mmarekani aliyechambua ajali za mapangoni miaka ya 1970, alikuta sababu zinazojirudia: kamba isiyofika hadi maji ya wazi, gesi isiyowekewa akiba ya kurudia, kina kilichopitiliza. Baadaye ziliongezwa ukosefu wa mafunzo ya pango na uchache wa taa. Kutokana na uchambuzi huo kanuni ya theluthi ikasimama: theluthi ya gesi kwendea, theluthi kurudia, theluthi iachwe kwa balaa. Kote humo swali ni moja, namna ya kurudi kwa njia uliyoingilia.

Kwa ribritha, swali hilo hugeuka hesabu ya mitungi ya kujiokoa, na hapo ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi, yeye na mimi na kalamu. Nilimpa mfano. Uko mita 20 ndani ya pango la Meksiko, karibu na usawa wa bahari, kwa hiyo kanieneo, yaani shinikizo, ni bar 3: moja ya hewa na moja kwa kila mita 10 za maji. Kutoka ni dakika 30 za kuogelea. Una mtungi mmoja wa alumini wa lita 11 wenye bar 200, lita 2,200. Ukipumua kwa utulivu lita 20 kwa dakika, kwa kina hicho ni lita 60, na mtungi unadumu dakika 36. Alitabasamu. Nikamwambia arudie hesabu akiwa na hali ya Ogal. Mtu aliyelewa kaboni dioksidi anaweza kuvuta lita 40 kwa dakika au zaidi. Mara 3 ni 120, na mtungi ule ule unakwisha dakika ya 18, angali na dakika 12 za mwamba mbele yake. Hata tukisema anatulia, dakika 5 za mwanzo kwa lita 40 na 25 zilizobaki kwa lita 25, jumla ni lita 2,475. Haitoshi. Na hapo hatujamhesabia mwenzake, wala kamba iliyokatika inayotafutwa kwa kupapasa.

Alikaa kimya, halafu akauliza: “Sasa watu wanabeba mingapi?” Miwili kwa umbali huo, na zaidi wakienda mbali. Mingine huachwa njiani wakati wa kuingia. Swali lake lilinifurahisha kuliko rekodi zote alizoleta.

Kulikuwa na jambo la pili kwenye rekodi, dogo kwa macho, nalo linatuhusu sisi wa nyanda hizi. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa hapa ni karibu bar 0.88, si 1. Ukiipimisha mashine kwa oksijeni tupu huku imeambiwa kwamba iko baharini, itaiita 0.88 “1”, na tangu hapo kila namba itakuwa imetiwa chumvi: skrini inasema 1.2, mwilini ni karibu 1.05. Kompyuta inayokokotoa muda wa kupanda itakuhesabia oksijeni usiyokuwa nayo. Mashine nyingi za sasa hupima kanieneo zenyewe, yake ni ya zamani na mtu huiandika kwa mkono. Kipimo cha haraka ni kuiacha ivute hewa ya kawaida. Huku kwetu inapaswa kusoma kama 0.18 au 0.19. Ikisoma 0.21 ukiwa Kisumu, mashine inadhani iko Mombasa.

Alikuwa ameiandika vizuri, 0.88, na nilimsifu. Kisha nikamuuliza atafanya nini akifika Tulum. Hakuwa amelifikiria. Akiisahau namba hiyo na kuipimisha upya kando ya bahari, kosa linageuka upande mbaya zaidi: skrini itasema 1.3 wakati halisi ni karibu 1.5, na kuteremka kidogo kwa ghafla kunaweza kuivusha 1.6. Namba moja iliyosahaulika kwenye sanduku la safari.

Nitaligusa na hili kwa kifupi. Jioni ya siku ile ya wavu walipanga kupanda matatu kwenda Nakuru kwa shughuli ya familia. Mwenzake alikataa, wakalala Kisumu. Alifanya vyema. Barabara hiyo hupitia Kericho na kuvuka nyanda zilizo juu ya mita 2,000, na kupanda mlima baada ya kuzamia ni sawa na kupanda ndege. Mita 9 hazikuwa nyingi, lakini mtu mwenye kichwa kinachouma na chanzo kisichojulikana hapelekwi juu.

Sasa kozi. Hoja yake ya kwenda na ribritha moja kwa moja si ya kijinga, na kuna wakufunzi wazuri wanaoiunga mkono. Wanasema: kama mashine ndiyo utakayotumia maisha yako yote, ya nini kujenga mazoea ya mitungi ya kawaida ili uje uyabomoe? Taasisi kadhaa zinaruhusu njia hiyo kwa mwenye saa za kutosha kwenye mashine. Isitoshe, nauli ya Meksiko kutoka Kisumu si ya kwenda mara mbili kwa mtu anayelipwa kwa kizimba.

Kwa mtu mwingine ningekubali. Kwa huyu sikubali, na sababu ni lile jibu la mwili wake. Mazoea ambayo wakufunzi hao wanaogopa yajengwe, yeye anayahitaji yajengwe. Kwenye mitungi ya kawaida kila pumzi ina bei, geji inashuka mbele ya macho, na kanuni ya theluthi inamlazimu kugeuka nyuma mapema hata akiwa mzima kabisa. Atageuka na kurudi kwa njia ya kamba tena na tena, hadi kurudi kwa ulalo kuingie mahali ambapo sasa pamekaliwa na kupaa. Ribritha ingemnyima somo hilo kwa ukarimu wake: saa 6 za oksijeni, skrini tulivu, hakuna kinachomsukuma kugeuka. Na siku itakapomkataa, atalazimika kujifunza mambo mawili kwa pamoja, kuiacha mashine na kuacha kukimbilia juu. Na kichwa atakachokuwa nacho siku hiyo hakiwezi kujifunza hata moja.

Nilimwambia hivyo bila kuzungusha. Hakupenda. Alisema nimemfanya aonekane mgeni wa maji. Nikamjibu kwamba mkufunzi yeyote wa Tulum angetamani mwanafunzi mwenye mikono yake, na kwamba tatizo halikai mikononi.

Alirudi baada ya muda akiwa amemwandikia mkufunzi wa huko na kumweleza tukio la wavu lote, hata sehemu ya kujibu mambo mawili kwa swali moja. Jibu alilopata liliniondolea kazi ya kubishana: aje na mitungi miwili ya ubavuni, afanye ngazi za pango hadi ya mwisho, na ribritha izungumzwe baadaye, ikishafungwa vali ya kugeuzia. Nauli itakuwa mara mbili. Safari ya pili ataiwekea akiba ya mwaka, labda zaidi.

Huku Ogal zoezi limebadilika. Kopo la chokaa linajazwa ufuoni, si Nyalenda, na linagongwagongwa kwa kiganja hadi punje zikatae kushuka, kisha linakaguliwa tena kabla ya kufungwa. Kila anapozama na mashine, mwenzake humpiga bega wakati asioutarajia, naye huhamia mtungi wa kujiokoa na kuifuata kamba hadi mwisho wake akiwa chini, barakoa imezibwa. Akipaa kabla ya nanga ya pili, zoezi linaanza upya. Kompyuta inamwandikia kiwango chake halisi cha kupumua akiwa na haraka, na namba hiyo, si ile ya vitabuni, ndiyo atakayoingiza kwenye hesabu ya mitungi. Kwa sasa inacheza juu ya lita 30 kwa dakika.

Mashine yenyewe itabaki Kisumu atakapoondoka. Amekubali kutoagiza seli mpya za oksijeni mwaka huu, kwa kuwa huzeeka hata zikiwa kabatini, na za kwendea pango atazinunua ikishapatikana tarehe ya safari ya pili.